Spektra ya infraredi ikigoma: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Mashine ya FTIR inapima jambo moja: ni mitetemo ipi ya molekuli inayofyonza mwanga wa infraredi, na kwa kiasi gani. Bondi kati ya atomu hunyooka na kupinda kwa masafa yake maalumu. Mwanga wenye masafa yaleyale ukipita, molekuli huupokea na kupanda ngazi moja ya nishati ya mtetemo, na sisi tunaona kilele kwenye karatasi, yaani kwenye mchoro uitwao spektra. Eneo tunalolisoma kila siku ni 4000 hadi 400 cm⁻¹; hiyo ni namba ya mawimbi, yaani idadi ya mawimbi ndani ya sentimita moja.

Malalamiko ya watumiaji hayana utitiri. Ni yaleyale, yanarudi kila muhula na kila mvua za masika, na mengi hayahitaji fundi. Hapa nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia, na kipimo kisichogharimu kitu hutangulia kile cha kufungua mashine. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

Kabla ya dalili yoyote: pima mashine ikiwa tupu

Toa sampuli, safisha, funga kifuniko, kisha pima bila kitu na uitazame spektra hiyo kama mwanga ghafi, kabla haijagawanywa na kipimo kingine. Programu karibu zote zina mahali pa kuonyesha hivyo. Nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote kwa sababu spektra tuliyoizoea ni uwiano wa vipimo viwili, na uwiano huficha mengi. Mashine iliyopoteza nusu ya nguvu zake bado itakupa mstari ulionyooka kwenye asilimia 100, nawe utaondoka ukiamini kila kitu ni salama.

Mashine nzima hutoa umbo la kilima: mwanga mdogo upande wa 4000, unapanda, unafika juu maeneo ya katikati, halafu unateremka hadi karibu na sifuri kwenye 400. Juu ya kilima hicho utaona nyuzinyuzi za mvuke wa maji kati ya 3900 na 3500, na tena kati ya 1900 na 1350. Utaona mabonde mawili yaliyoshikana ya hewa ukaa karibu na 2350, na mkato wake mwembamba kwenye 667. Ukitumia ATR (kifaa ambacho sampuli hubanwa juu ya kristali inayopitisha mwanga) ya almasi, kuna bonde pana kati ya 2300 na 1900 hivi. Hilo ni almasi yenyewe inayofyonza. Usilisugue.

Spektra tupu ya siku mashine ilipofungwa au ilipotoka kuhudumiwa ihifadhiwe kwenye kompyuta, ichapishwe na ibandikwe ukutani pamoja na tarehe. Bila hiyo utabaki kubishana na kumbukumbu.

Dalili: pacha karibu na 2350 na manyoya kati ya 1900 na 1350

Hili ndilo swali linaloongoza. Mtu anapima kanga, dawa au mbegu, halafu anauliza ni kikundi gani cha kemikali kinachotoa vilele viwili kwenye 2360 na 2340. Jibu ni hewa ya chumbani. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, hazionekani kwenye infraredi kwa sababu molekuli yenye atomu mbili zinazofanana ikitetema haibadilishi mgawanyo wake wa chaji. Hewa ukaa na mvuke wa maji huubadilisha, na ingawa hewa ukaa ni sehemu ndogo sana ya hewa, kunyooka kwake kusikolingana kwenye 2349 kuna nguvu mno hata kilele chake hutakikosa.

Chanzo cha kwanza ni pumzi yako. Unainama juu ya mashine kuweka sampuli, unapumua, unabonyeza kuanza. Cha pili ni muda: spektra tupu ilipimwa asubuhi, sampuli ya kumi inapimwa saa nane mchana, chumba kimejaa watu na unyevu umebadilika. Cha tatu ni kikausha unyevu kilichochoka ndani ya mashine. Cha nne, kwa wanaopitisha nitrojeni, ni mtungi uliokwisha au mrija uliochomoka.

Mwelekeo wa vilele unakwambia mengi. Vikielekea upande wa vilele vya sampuli, hewa ukaa ilikuwa nyingi wakati wa kupima sampuli. Vikielekea kinyume, ilikuwa nyingi wakati wa kupima tupu. Basi pima tupu upya sasa hivi, funga kifuniko, subiri dakika tatu au tano, pima sampuli huku umesogea pembeni. Kwa wengi tatizo linaishia hapo. Likibaki, kagua rangi ya kikausha unyevu, halafu fikiria kupitisha nitrojeni kavu au hewa iliyokaushwa na kuondolewa hewa ukaa.

Programu nyingi zina kitufe cha kuondoa hewa kwa hesabu. Kwa eneo la 2350 sina neno nacho, maana vitu vichache hutoa vilele pale. Kwa eneo la 1900 hadi 1350 naomba ukitumie kwa tahadhari kubwa: humo ndimo mnamokaa kaboni na oksijeni zenye bondi mbili (1750 hadi 1650) na amaidi za protini (karibu 1650 na 1550). Hesabu ikikosea kidogo inaacha mawimbi madogo yanayofanana kabisa na matokeo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wanaosoma spektra za mbu ili kukadiria umri na spishi zao, huwakausha mbu kwanza kwa silika jeli, na spektra zilizochafuliwa na hewa huwekwa kando kabla kompyuta haijafundishwa nazo. Ni utaratibu mzuri hata kwa asiyewahi kugusa mbu: spektra mbaya hupimwa tena, hairembwi.

Dalili: vilele vinavyochungulia upande usio wake, na si hewa

Ukiona vilele vya kinyume kwenye 2920 na 2850, kristali ilikuwa na mafuta wakati wa kupima tupu. Mafuta ya vidole yanatosha. Kilele cha kinyume karibu na 1715 ni asetoni ambayo haikukauka. Kundi la vilele karibu na 2970, 1130 na 950 ni isopropanoli. Mantiki ni moja: kilichokuwepo kwenye tupu na hakipo kwenye sampuli kinatokea kwa kinyume.

Hapa pwani mfano ulio wazi ni mafuta ya karafuu. Yujenoli iliyomo inatoa kilele chembamba kizuri kwenye 1514 na vingine karibu na 1637 na 1268, lakini inang'ang'ania. Tone moja likipita pembeni ya kristali, kwenye kijiungo cha chuma kinachoizunguka, litajichomoza kwenye sampuli tatu zinazofuata. Futa kwa tishu laini isiyo na nyuzi iliyoloweshwa isopropanoli, ukianzia katikati kwenda nje, kisha badilisha tishu urudie. Futa pia ncha ya kile kibanio kinachoshuka kutoka juu. Wengi husahau hiyo ncha, na ndiyo inayobeba uchafu kutoka sampuli moja kwenda nyingine. Acha dakika moja ikauke. Halafu pima tupu dhidi ya tupu: unataka mstari ulionyooka usio na kitu. Pua nayo inasaidia. Ukisikia bado harufu ya karafuu karibu na kibanio, kazi haijaisha.

Kuna uchafu mwingine unaojitokeza upande wa kawaida na kuonekana kama matokeo. Grisi ya silikoni hujulikana kwa kilele chembamba cha 1260, pamoja na vipana kati ya 1100 na 1020 na kingine karibu na 800. Vilainisha plastiki kutoka kwenye mirija na baadhi ya glavu hutoa kilele karibu na 1730. Vilele hivyo vikionekana kwenye sampuli ambazo hazina undugu wowote, acha kutafuta maelezo ya kikemia, tafuta chupa au mrija ulio wa pamoja.

Dalili: vilele hafifu, au hakuna kitu kabisa, kwenye ATR

Ili ujue kwa nini ATR hudhoofika, kumbuka mwanga hautoki nje ya kristali. Unaakisiwa ndani, na sehemu ndogo tu huchungulia kwenye sampuli. Kwa almasi yenye pembe ya nyuzi 45 na sampuli ya kawaida, kina hicho ni kama mikromita 2 kwenye 1000 cm⁻¹, na karibu mikromita 0.7 tu kwenye 3000. Pengo la hewa la unene wa vumbi linatosha kuua spektra.

Kwa hiyo chanzo kikuu ni mguso mbaya. Kaza kibanio hadi kishike, kama kuna kipimo cha nguvu kifuate, na utazame spektra ya papo kwa papo jinsi vilele vinavyokua unavyokaza. Punje ngumu zisage kwanza. Mbegu au kipande cha plastiki chenye mgongo wa mviringo kikate kipate uso bapa. Unga uwe mwingi wa kufunika kristali yote. Rundo kubwa juu yake haliongezi kitu.

Chanzo cha pili ni sampuli yenyewe. Mpira mweusi wa matairi una kaboni nyingi, hivyo kwenye almasi hutoa mstari unaoporomoka na vilele vilivyopinda. Hamia kristali ya jemaniamu, ambayo kina chake kwenye 1000 ni kama mikromita 0.7. Chanzo cha tatu ni kristali kukwaruzwa au kupasuka. Almasi huvumilia mengi, jemaniamu hupasuka ikibanwa vibaya, na zinki selenaidi hukwaruzika kirahisi.

Moja si hitilafu kabisa: vilele vya C–H karibu na 2900 kuwa vifupi kwenye ATR kuliko kwenye spektra za vitabu. Kina hupungua kadiri namba ya mawimbi inavyopanda, basi upande huo lazima uwe mfupi. Ukitaka kulinganisha na spektra ya kupenyeza mwanga, tumia marekebisho ya ATR yaliyo kwenye programu, na uandike kwenye ripoti kwamba umeyatumia.

SIMAMA: usiweke asidi kwenye zinki selenaidi, hata kwa dakika. Jiwe linalika, na gesi ya hidrojeni selenaidi inayoweza kutoka ni sumu kali. Wala usibane chini ya kibanio kitu chochote kinachoweza kulipuka, kama azaidi au chumvi za pakloreti zenye kaboni. Hapo muulize msimamizi wa usalama kabla ya kufungua chupa.

Dalili: vilele vilivyokatwa vichwa

Kilele kina kuta mbili na juu ni bapa, au kimejaa kelele kileleni. Sampuli ni nene au imekolea mno. Ufyonzaji wa 2 maana yake ni asilimia 1 tu ya mwanga inayofika kwenye kitambuzi; wa 3 ni sehemu moja ya elfu, na hapo mashine inabahatisha. Punguza kiasi au tumia chemba nyembamba zaidi, ili kilele kirefu kabisa kibaki chini ya 1 hivi. Urefu wa kilele bapa usiuingize kwenye hesabu yoyote ya kiasi, hata ukipendeza.

Dalili: kidonge cha KBr ni cheupe, au kina mlima kwenye 3440

Kidonge kizuri unakisomea gazeti. Potasiamu bromaidi (KBr) haifyonzi katika eneo letu, ndiyo maana tunaitumia, lakini inavuta maji kutoka hewani bila huruma. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, chupa iliyoachwa wazi mezani kwa muda wa kunywa chai imeshaharibika. Maji hayo hutoa kilele kipana karibu na 3440 na kingine kwenye 1630, na mwanafunzi huvisoma kama kikundi cha OH cha sampuli yake. Kukata shauri ni rahisi: tengeneza kidonge cha KBr peke yake kutoka chupa ileile na ukipime. Mlima ukiwepo, si wa sampuli.

Kausha unga kwenye oveni ya 110 °C kwa saa kadhaa, uhifadhi humo au kwenye desiketa (chombo kikavu kilichofungwa), na usage haraka. Kipimo ni miligramu 1 hadi 2 za sampuli kwa kama miligramu 200 za KBr. Saga sampuli peke yake kwanza kwenye kinu cha akiki hadi ishikamane na ukuta wa kinu na kung'aa kidogo, ndipo uongeze KBr kidogokidogo na kuchanganya bila kusaga sana, maana kadiri unavyoisaga KBr ndivyo inavyozidi kunywa unyevu. Chembe zinatakiwa ziwe chini ya mikromita 2. Zikiwa kubwa mwanga hutawanyika: mstari wa msingi unaporomoka upande wa 4000, na vilele vinakuwa na tumbo upande mmoja na shimo upande wa pili. Kwa kidonge cha milimita 13, tani 8 hadi 10 kwa dakika moja au mbili zinatosha, na pampu ya kuvuta hewa ikiwepo iunganishe. Ukizidisha mkandamizo hupati kidonge bora, unavunja kifaa cha thamani.

Dalili moja ya pembeni kwa wanaopima dawa: chumvi ya hidrokloraidi inaweza kubadilishana kloridi na bromaidi wakati wa kusaga, na vilele vikahama. Tumia potasiamu kloraidi badala yake, au nenda ATR.

Dalili: mstari wa msingi unapanda na kushuka kwa mawimbi sawasawa

Utando mwembamba wenye nyuso mbili sambamba huakisi mwanga ndani yake, na miale inayorudi hukutana na ile inayopita. Utaona mawimbi ya upana ule ule toka upande mmoja wa spektra hadi mwingine. Mashine ni nzima.

Tena mawimbi hayo yana faida, kwani yanakupa unene wa utando bure. Hesabu mawimbi kamili kati ya namba mbili, ugawanye kwa mara mbili ya kipeo cha mpindo wa mwanga wa plastiki hiyo, kisha ugawanye tena kwa tofauti ya zile namba mbili. Mawimbi 10 kati ya 2800 na 2000, kwa plastiki yenye kipeo cha 1.5, yanatoa sentimita 0.0042, yaani mikromita 42. Ukitaka kuyaondoa, kwaruza uso mmoja kidogo kwa msasa laini kabisa, au pima kwa ATR.

Dalili: kelele nyingi, mstari unatetemeka

Anza na idadi ya skani, yaani mara ambazo mashine inarudia kipimo na kuchukua wastani. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: ukitoka skani 4 kwenda 16, ubora unaongezeka mara mbili, ukitaka mara mbili tena unahitaji 64. Kisha angalia ubainifu, yaani uwezo wa kutenganisha vilele vilivyokaribiana. Kwa vitu vigumu na vimiminika, 4 cm⁻¹ inatosha. Kuiweka 0.5 kwa kudhani ni bora kunakuletea muda mrefu, kelele zaidi na nyuzi za maji zilizochongoka. Ubainifu mkali una kazi yake kwenye gesi.

Baada ya hapo angalia meza. Kitambuzi cha DTGS, kilichomo kwenye mashine nyingi za kawaida, husikia mitikisiko kama kipaza sauti. Friji, pampu ya kuvuta hewa, mashinepewa (sentrifuji) au jenereta nyuma ya ukuta vinatosha. Zima kimoja kimoja ukitazama spektra ya papo kwa papo. Wenye kitambuzi cha MCT waulize kwanza kama nitrojeni kimiminika imeisha, maana kitambuzi hicho hakifanyi kazi kikiwa na joto.

SIMAMA: nitrojeni kimiminika ina −196 °C na ikichemka inasukuma oksijeni nje ya chumba. Madirisha yawe wazi, vaa kinga ya uso na glavu pana za baridi, na usiingie lifti na mtungi wake. Kama chupa ya kitambuzi inatoa jasho nje au inamaliza nitrojeni upesi kuliko zamani, ombwe lake limekufa. Usiendelee kujaza, ita fundi.

Dalili: nguvu imeshuka, au hakuna ishara kabisa

Linganisha spektra tupu ya leo na ile ya ukutani. Halafu fuata mtiririko huu bila kuruka:

1. Kuna kitu njiani? Sampuli iliyosahauliwa, kifaa cha ATR ambacho hakijakaa sawasawa kwenye reli, kizuizi cha mwanga kilichofungwa na programu.
2. Mashine imepata joto? Baada ya umeme kukatika, ipe angalau nusu saa, na ikiwezekana zaidi, kabla ya kuilaumu.
3. Endesha ulinganishaji wa vioo uliomo kwenye programu. Nguvu ikirudi, vioo vilikuwa vimesogea kidogo, mara nyingi baada ya mashine kuhamishwa meza.
4. Ishara hakuna kabisa na kioo kinatafuta mwanzo wake bila kuupata? Shuku leza ya ndani inayohesabu mwendo wa kioo. Leza za heliamu na neoni huzeeka, na zilizochoka mara nyingi hugoma siku ile umeme unaporudi.
5. Nguvu imeteremka polepole kwa miezi, ikianzia upande wa 4000, na ulinganishaji hausaidii? Ama taa ya infraredi imechoka, ama kigawanya mwanga kimepata ukungu.

Hilo la ukungu ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa kuwa linazuilika. Kigawanya mwanga katika mashine nyingi ni bamba la potasiamu bromaidi, chumvi ileile ya vidonge. Unyevu ukiingia, uso wake unakuwa kama kioo cha bafuni, na hakuna kufuta kutakakourudisha. Gharama ya kipande hicho ni maumivu kwa maabara yoyote. Kinga yake ni pakiti ya kikausha unyevu. Silika jeli ya buluu ikigeuka waridi imekwisha. Ya machungwa hugeuka kijani. Ikaushe kwenye oveni karibu 120 °C kwa saa kadhaa na uirudishe baada ya kupoa ndani ya desiketa, wala si mezani. Ungo wa molekuli, kikausha unyevu cha aina nyingine, unahitaji joto kubwa zaidi, 200 °C na kwenda juu, basi usichanganye viwili hivi. Ile ya buluu ina kobalti, ivaliwe glavu.

Tabia nyingine inayoponza mashine za pwani ni kuizima kila jioni na kuzima kiyoyozi pamoja nayo. Mashine iliyowashwa ina joto kidogo ndani, na joto hilo hufukuza unyevu. Iache imewashwa usiku na mwisho wa wiki kama mtengenezaji anaruhusu, iunganishe na UPS, na kama shule inafunga kwa wiki sita weka zamu ya kukagua rangi ya silika. Kwa anayenunua mashine mpya ya kuweka Zanzibar au Lamu, ushauri wangu ni kuuliza kigawanya mwanga na madirisha ya zinki selenaidi. Utapoteza kipande kidogo cha spektra chini ya 500 hivi, na utapata miaka ya utulivu.

SIMAMA: usifungue sanduku la vioo. Taa ya infraredi ikiwaka hupita 1000 °C, leza ya heliamu na neoni inalishwa na volti za maelfu zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, na pumzi yako peke yake inatosha kuharibu KBr. Vioo vya dhahabu au alumini havifutwi kwa kitambaa chochote.

Dalili: vilele vyote vimehama

Pima utando wa polistireni uliokuja na mashine. Kilele kikubwa cha kukagulia kiko 1601, na vingine 3060 na 1028. Vikihama zaidi ya cm⁻¹ 1 kwa ubainifu unaofaa, na mashine imeshapata joto, leza au ulinganishaji una kasoro: hapo ni kazi ya fundi, na matokeo ya tangu ukaguzi wa mwisho yawekwe kando.

Polistireni ikiwa sawa, basi vilele vimehama kwa sababu ya kikemia au ya njia ya kupima. ATR huvuta vilele vikubwa kidogo kuelekea namba ndogo. Bondi za hidrojeni huteremsha na kupanua kilele cha OH. Aliyetumia viyeyusho vyenye deuteriamu atakuta OH ya 3400 imehamia karibu 2500, maana atomu nzito hutetema polepole. Dawa ile ile yenye maumbo mawili ya fuwele hutoa spektra mbili tofauti, na kuisaga sana kunaweza kuigeuza umbo moja kwenda jingine.

Ukihamia Raman

Raman inapima mitetemo hiyohiyo kwa mwanga uliotawanyika, na maji hayaisumbui sana. Malalamiko yake makuu ni mawili. La kwanza ni mng'ao unaofunika kila kitu: manjano, majani mabichi na vitambaa vyenye rangi hung'aa vikipigwa leza ya 532 nm. Hamia 785 au 1064 kama unayo, au iache leza juu ya sampuli dakika kadhaa mng'ao ufifie. La pili ni sampuli nyeusi kuungua. Punguza nguvu kwanza, ongeza muda wa kupima, tawanya unga uwe mwembamba. Mwiba mmoja mwembamba usiorudi ukipima tena ni miale ya anga. Usahihi wa namba unakaguliwa kwa kipande cha silikoni (elementi yenyewe, si grisi), kilele chake kikiwa karibu 520.5.

SIMAMA: leza hizi hupofusha kabla kope haijafumba, na ile ya 785 karibu haionekani. Miwani iwe ya urefu wa wimbi huo hasa. Miwani ya leza ya kijani haizuii 785.

Unapomwita fundi

Mtumie vitu hivi kabla hajapanda gari: spektra tupu ya leo na ile ya zamani zikiwa faili, wala si picha ya simu ya kioo cha kompyuta, spektra ya polistireni, rangi ya kikausha unyevu, ukubwa wa ishara ambao programu inauonyesha, na maelezo ya kilichotokea kabla ya hitilafu, hata kama ni umeme kukatika mara moja au meza kusogezwa wakati wa kupiga deki. Mwambie pia ulichokwisha kujaribu. Kwa taarifa hizo ataweza kuja na kipande kinachotakiwa mkononi, na mara nyingine atakuelekeza kwa simu bila kuja.